Mkono wa Kushoto

Programu inajua ngazi ni nini:
vidato kumi na vinne, kila kimoja sentimita kumi na saba,
kishikio upande ulio wazi,
upande wa ukuta hakuna kitu.
Ndivyo ilivyofundwa, nayo haina ubishi.
Mbishi ni mimi,
saa tano na robo usiku, Kutaisi, mvua ikichapa bati,
kipanya kimepata joto kiganjani kama yai.

Baba analala chumba cha chini
tangu kiharusi kimpokonye upande wa kulia.
Akipanda, ukuta uko kushoto kwake.
Basi. Kesi nzima ni hiyo.
Mkono uliobaki hauna pa kushika.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.
Hawakusema ashike wapi.

Nikabofya. Orodha ikafunguka:
kioo, chuma cha pua, nyaya za kukazwa,
vijiti vilivyosokotwa kama mkate wa harusi.
Nikachagua mwaloni, nikauburuta hadi ukutani.
Ukarudi.
Nikauburuta.
Ukarudi ulikotoka, bila kelele,
kama mgeni aliyekaribishwa kwenye kiti kibovu.

Nikahamia upande wa bustani.
Huko nikachukua uzio,
nikaung'oa nguzo moja baada ya nyingine
hadi ukabaki ubao wa juu, peke yake, unaelea.
Nikauinamisha nyuzi thelathini na nne.
Nikauinua. Nikausukuma ukutani,
na programu haikusema neno,
maana uzio unaruhusiwa kwenda popote.
Jina lake mpaka leo ni Uzio wa Bustani 3.
Gocha seremala alipoufungua mchoro akanipigia simu:
"Nanuli, mmeanza kupanda zabibu sebuleni?"

Kilichonishinda ni kibonyeo.
Kishikio cha zamani, kabla mchwa hawajakimaliza,
kilikuwa na kibonyeo pale kwenye kona,
upana wa dole gumba,
mahali mama alipojizungusha na mitungi ya kachumbari
miaka thelathini na minane, akiteremka akinung'unika.
Nilijaribu kukichora. Nikavuta nukta moja chini,
kidogo, kidogo tena.
Mstari ukajinyoosha.
"Kasoro imerekebishwa," ikaandika, kwa adabu zote.

Nikaiacha. Kibonyeo hakiagizwi.

Ila unene sikuuacha.
Programu inataka sentimita tano, kiganja cha mtu wa wastani,
mtu ambaye sijawahi kumwona akinywa chai kwetu.
Nikashuka na utepe wa kushonea,
nikauzungusha ndani ya ngumi ya baba aliyelala.
Akafumbua jicho moja.
"Unapima jeneza?"
"Napima mkono."
"Upi?"
"Wa kushoto."
"Huo haujawahi kufanya kazi. Hata nyundo hauijui."
"Utajifunza."
Akageukia ukutani. Sentimita nne na nusu.

Kuna mtu wa kijivu ndani ya programu,
hana uso, wamemweka aonyeshe kimo cha milango.
Nilimwamuru apande.
Akapanda mikono ikining'inia,
akafika juu bila kupumua,
akasimama akitazama ambako dirisha halijachorwa.
Sikumwonea wivu. Nilimfuta.

Asubuhi nilichapa karatasi, nikaiweka mezani kando ya jibini.
Baba hakuvaa miwani.
Aliweka kidole cha kushoto kwenye kidato cha kwanza
akaanza kupanda, polepole, akifuata mstari wa ukutani.
Kidato cha tisa akapumzika.
Sikusema kitu. Chai ilikuwa inapoa.
Akaendelea, kumi, kumi na moja, hadi cha mwisho,
na kidole kikabaki kwenye karatasi tupu.

"Hapa umekikata mapema," akasema.
"Mtu akishafika juu bado anashika."

Nikaenda kuwasha kompyuta.